Breki inalia, lakini inalia vipi?

Pikapu iliyopakia samaki wa Ziwa Edward ikitoka Vitshumbi kwenda Goma, huko Kongo, dereva hulalamikia freni, neno la Kifaransa. Sisi tuna breki ya Kiingereza. Kitenzi ni kimoja: inalia. Kwa fundi hakitoshi.

Kwiii nyembamba kila ukikanyaga: pedi zinakwisha, na kibati kilichowekwa makusudi kwenye pedi nyingi kimeanza kugusa diski. Krrr nzito ni kusaga, chuma kwa chuma. Hapo safari iahirishwe, samaki waoze wakitaka.

Sauti ya tatu ni ile ya mlango mkavu, ukikanyaga taratibu au ukiachia. Wengi husema inakwaruza. Sikubali: kukwaruza huacha alama, na hapa dramu mara nyingi haina hata mchubuko. Ni viatu vya breki za nyuma vinasugua bati lao pakavu. Fungua dramu, pangusa vumbi kwa kitambaa kibichi (usilipulize, si la kuvuta puani), kisha paka grisi ya kuhimili joto, kidogo mno, pale tu kiatu kinapoegemea bati. Ikigusa upande unaoshika dramu, gari halitalia wala halitasimama.