Historia ya Bustani Yetu: Jinsi Ndoo za Maua Zilivyotaka Kuvunja Kikundi

Kwenye kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Hapa tumeona tuandike habari za bustani, maana hela nyingi zilizoingia kwenye sanduku zilitoka huko, na ugomvi wetu mkubwa kuliko wote nao ulitoka huko huko.

Tulianza mwaka 2014 hapa Morogoro tukiwa kina mama 21. Kununua hisa kila wiki kulikuwa kazi kwelikweli. Wengine tulikuwa tunakopa kwa jirani ili tuje kuweka akiba! Ndipo tukaamua kuwa na mradi wa pamoja, tukachagua miche ya maua kwa sababu haitaki shamba kubwa. Ukiwa na mti mmoja mzuri wa bogenvilia unakata vijiti, unavichomeka kwenye viriba vyenye mchanga na mboji, unaweka kivulini, na baada ya miezi miwili au mitatu una miche ya kuuza. Bogenvilia nyingi za mapambo hazizai mbegu, kwa hiyo bila vijiti hakuna biashara. Ule mti wa kukatwa vijiti ndio tunaouita mama.

Hapa tuseme jambo moja ambalo binti zetu walitusomea, likatufurahisha. Ua hili asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 meli za Wafaransa zilipofika Rio de Janeiro, mtaalamu wao wa mimea alilichukua, likapewa jina la mkuu wa safari, Bougainville. Msaidizi wa mtaalamu huyo alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyejivika nguo za kiume kwa sababu wanawake walikuwa hawaruhusiwi melini. Basi tangu hapo kina mama wamo.

Mama zetu tuliwapanda kwenye ndoo kuukuu za lita 20, tukazitoboa chini. Eneo lenyewe liko kando ya barabara, siyo letu, na siku yoyote tungeweza kuambiwa tuhame. Ndoo inabebeka. Tulikuwa na ndoo 30: bogenvilia, haibiskasi na mawaridi machache.

Miaka miwili ya kwanza ilikuwa neema. Mwaka 2017 mambo yakageuka. Majani yakawa ya njano, machipukizi yakawa membamba kama njiti za kiberiti. Tunamwagilia asubuhi, saa sita mti umelegea. Vijiti tulivyochomeka vikawa vinaoza hata kabla ya kutoa mizizi. Tukaongeza mbolea ya chumvichumvi, ikaunguza majani, na ndoo nne zikafa kabisa.

Zamu ya kumwagilia ilikuwa ya mwenzetu mmoja, jina lake hatulitaji. Tulisema hamwagilii, anapeleka maji kwenye mchicha wake. Wengine walisema na maneno mengine ambayo hayafai kuandikwa humu. Tukamtoza faini. Alilipa yote, akachukua hisa zake, akaondoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfuata.

Miezi michache baadaye ndoo moja ilipasuka. Tulipoondoa plastiki, mti ulibaki umesimama na umbo la ndoo vilevile. Udongo ulikuwa haupo, ni mizizi mitupu, imejizungusha na kusukana kama kikapu. Tukamwaga maji juu yake: yakateremka pembeni yote, katikati pakavu. Tulitazamana.

Bwana shamba alitueleza kwamba mizizi minene kazi yake ni kushika mti na kupitisha chakula. Wanaokunywa ni vijizizi vyembamba vya nchani, na kwenye ndoo iliyojaa havina pa kukulia. Mti usiokunywa hautoi machipukizi yenye nguvu, na kijiti cha mti dhaifu hakishiki. Ndoo kubwa zaidi ingesaidia, lakini hela hatukuwa nazo, na nani angezibeba? Dawa yake ni kisu.

Tunafanya hivi. Mvua za masika zikianza tunautoa mti kwenye ndoo. Kwa kisu kikali tunakata mizizi ya chini na ya pembeni, unene wa vidole viwili hivi, na ile inayozunguka tunaikata ili iache kuzunguka. Haizidi theluthi ya mizizi yote. Matawi nayo tunayapunguza, maana mizizi iliyobaki haiwezi kulisha yote. Mti unarudi kwenye ndoo ileile na udongo mpya, tunamwagilia, tunauweka kivulini wiki tatu bila mbolea. Pale ulipokatwa mzizi vinatoka vijizizi vipya. Bogenvilia ishikwe taratibu, mizizi yake hukatika upesi. Mara ya kwanza tulikuwa na haraka tukaua mbili. Tangu hapo hatufanyi ndoo zote mwaka mmoja. Tunafanya theluthi, ili zikiharibika tubaki na mama wengine.

Kabla ya hayo yote ilibidi kwenda kwa mwenzetu. Tulikwenda wanne, mwaka 2018, na faini yake mkononi. Alitupikia chai. Akatuuliza kama tumesoma daftari la mikutano. Tuliporudi tukafungua, na kweli, katibu alikuwa ameandika siku ileile tuliyomtoza faini: mwanachama anasema maji hayaingii kwenye ndoo, yanapita tu. Tulisikia, tukaandika, tukapiga mihuri, tukaendelea kumhukumu.

Hakurudi mara moja. Alikaa mwaka mzima nje ndipo akaja kununua hisa tena, na masharti yake yalikuwa kwamba zamu ya maji apewe mtu mwingine. Yeye ndiye anayeshika kisu siku hizi. Masika ya mwaka 2024 alikata ndoo kumi. Tisa zilichipua, na moja, waridi jekundu, tulibaki tukiiangalia.