Safu ya Lugha: Mategemeo au matarajio?

"Filamu haikukidhi mategemeo yetu." Sentensi hii hujitokeza kila riwaya ya fantasia inapopelekwa kwenye sinema, nami inaniuma. Msomaji aliyeipenda Eragon ya Christopher Paolini, kisha akaitazama filamu yake ya mwaka 2006, hakuwa na mategemeo. Alikuwa na matarajio.

Kutegemea ni kuweka uzito wako juu ya kitu au mtu: mzee hutegemea mkongojo, mtoto humtegemea mzazi. Tegemeo likiondoka, unaanguka. Kutarajia, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kungoja jambo ukiamini litatokea. Kwa hiyo filamu ndiyo inayotegemea kitabu; shabiki anatarajia. Peter Jackson alipokigeuza The Hobbit, kitabu kimoja cha Tolkien cha mwaka 1937, kuwa filamu tatu kati ya 2012 na 2014, wengi walitarajia hadithi nyepesi ya safari, wakapewa vita visivyokwisha. Matarajio yao yalikuwa ya haki kabisa, maana kitabu chenyewe kiliandikwa kwa ajili ya watoto.

Matumaini nayo ni jambo jingine. Asili yake ya Kiarabu inabeba utulivu wa moyo, ndiyo maana mtu huweza kutumaini hata pasipo dalili yoyote. Mashabiki wa Eragon walitarajia filamu ya pili, haikutengenezwa. Waliobaki wakiingoja walikuwa wanatumaini tu.

Waandishi wa kurasa za burudani, tafadhali: filamu ikiwaangusha wasomaji, andikeni matarajio.