Ndoa za Colyton katika Daftari la Kanisa

Parokia ya Colyton, iliyoko mashariki mwa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ilikuwa kwa karne nyingi mahali pa wakulima, wafugaji na mafundi wa kawaida, na huenda jina lake lisingejulikana mbali na bonde lake kama si daftari la kanisa lake la Mtakatifu Andrea, lililofunguliwa mwaka 1538 na kuendelea kujazwa kizazi baada ya kizazi karibu bila pengo. Parokia, kwa maana ya Kiingereza ya wakati huo, haikuwa tu eneo la kiroho lililo chini ya kasisi mmoja. Ilikuwa pia ngazi ya chini kabisa ya utawala, iliyokuja kukabidhiwa kazi ya kutoza kodi ya kuwalisha maskini na kutengeneza barabara, na ambayo watu wake walijulikana kwa sura na kwa ukoo. Ndiyo sababu, serikali ilipotaka kuwa na kumbukumbu za ubatizo, ndoa na maziko ya raia wake, ilimkabidhi kasisi kalamu.

Agizo lilitolewa Septemba 1538 na Thomas Cromwell, aliyekuwa mkono wa kuume wa Mfalme Henry VIII, miaka minne tu baada ya mfalme huyo kujitenga na Papa wa Roma. Kila parokia ilitakiwa kununua kitabu, na kila Jumapili kasisi aandike ndani yake harusi, ubatizo na maziko ya juma lililopita, mbele ya wasimamizi wa kanisa, yaani walei wawili waliochaguliwa kutunza mali na mapato ya kanisa. Kitabu kilipaswa kuwekwa ndani ya kasha imara lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ukae kwa kasisi na wa pili kwa wasimamizi, na aliyepuuza kuandika alitozwa faini ya shilingi 3 na peni 4 ambayo ilitumika kulikarabati kanisa lenyewe. Miaka miwili kabla ya hapo watu wa kaskazini walikuwa wameinuka dhidi ya mfalme, na miongoni mwa uvumi uliowachochea ulikuwemo ule wa kwamba hakuna atakayeoa, kubatizwa wala kuzikwa bila kulipa kodi. Hakuna sababu ya kuwacheka: mwaka 1694 Bunge lilipitisha sheria iliyotoza mambo hayo hayo matatu ili kugharimia vita dhidi ya Ufaransa, na kwa muda wa zaidi ya miaka kumi hata mtu wa kawaida alilipa shilingi 2 na peni 6 kwa kufunga ndoa.

Vitabu vya mwanzo vilikuwa vya karatasi duni, na vingi vililiwa na panya au kuoza kwa unyevu wa makanisa ya mawe. Kwa hiyo mwaka 1598, katika enzi ya Malkia Elizabeth I, iliagizwa kwamba kumbukumbu zinakiliwe upya katika madaftari ya ngozi, na kwamba nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu. Agizo hilo lilikuwa na kasoro moja iliyowagharimu wanahistoria: lilisisitiza zaidi miaka ya tangu malkia alipotawazwa, yaani kuanzia 1558, na makasisi wengi, kwa uvivu ambao si mgumu kuuelewa, waliacha kunakili miaka ishirini ya kabla yake. Madaftari mengi sana ya Uingereza yanaanzia 1558 kwa sababu hiyo, na yale yanayoanzia 1538, kama la Colyton, ni machache.

Kwa macho ya leo, ndoa iliyoandikwa katika karne ya 16 au 17 ni kitu kikavu mno. Mara nyingi ni mstari mmoja wa tarehe na majina mawili, bila umri, bila kazi, bila jina la mzazi yeyote, na katika parokia nyingi mstari huo umeandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo haikuondolewa rasmi hadi 1733. Hata tarehe yenyewe ina mtego. Waingereza wa wakati huo waliuanza mwaka wao tarehe 25 Machi, si tarehe 1 Januari, na hawakubadilisha utaratibu huo hadi 1752. Msomaji akikuta harusi ya Aprili 1700 na ubatizo wa mtoto wa wanandoa hao Januari 1700, anaweza kudhani kwamba mtoto alitangulia harusi, ilhali Januari hiyo ilikuja miezi tisa baada ya Aprili na kwa hesabu yetu ni Januari 1701. Heshima ya bi harusi mmoja inaweza kuokolewa au kuharibiwa na kalenda.

Kabla ya kufika kwenye mstari huo, wachumba walikuwa na njia mbili halali. Ya kwanza na ya kawaida ilikuwa matangazo ya ndoa, ambapo kasisi aliyasoma majina yao kanisani Jumapili tatu ili mwenye pingamizi ajitokeze, desturi ambayo waumini wa Kianglikana wa Afrika Mashariki wanaifahamu vizuri kwa kuwa wamisionari waliwaletea pamoja na kitabu cha sala. Ya pili ilikuwa leseni ya askofu, iliyonunuliwa kwa fedha na kuambatana na dhamana, na iliyowafaa wenye uwezo, wenye haya na wenye haraka. William Shakespeare alikuwa miongoni mwa wenye haraka. Katika kitabu cha askofu wa Worcester, tarehe 27 Novemba 1582, leseni yake imeandikwa kwa bibi aitwaye Anne Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake, wakulima wawili wa Stratford waliweka dhamana ya pauni 40 kwa ajili ya ndoa yake na Anne Hathwey wa Stratford. Zimetungwa hadithi nyingi juu ya mwanamke wa pili aliyeachwa, lakini wataalamu wengi wanaona kwamba karani aliyekuwa na majalada mengi mezani aliandika jina lisilo lake. Binti wa kwanza wa wanandoa hao alibatizwa tarehe 26 Mei 1583, miezi sita baadaye. Harusi yenyewe haijaonekana katika daftari la parokia yoyote.

Utaratibu huo ulivurugika wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640, makasisi wengi walipofukuzwa na madaftari kuachwa matupu. Mwaka 1653 Bunge, ambalo nguvu yake ilikuwa jeshi la Oliver Cromwell, mtu wa ukoo wa dada yake Thomas yule yule, lilifanya jambo ambalo wanakijiji wengi waliliona kama kioja: liliwaondolea makasisi kazi ya kufungisha ndoa na kuwapa mahakimu wa amani, yaani wenyeji wenye ardhi waliosikiliza kesi ndogo za wilaya, na likaruhusu matangazo yasomwe sokoni siku ya gulio badala ya kanisani. Ufalme uliporudi mwaka 1660 ndoa hizo zilihalalishwa na kila kitu kikarudi mikononi mwa kanisa.

Tatizo lililobaki lilikuwa la ndoa za siri. Kwa sheria ya kanisa ya zamani, kiapo cha hiari cha wawili kilitosha kuifunga ndoa, na kasisi yeyote aliyepewa daraja aliweza kuishuhudia, hata kama hana parokia wala sifa. Kando ya gereza la Fleet jijini London, ambamo wadeni walifungwa, makasisi waliofilisika walifungisha maelfu ya ndoa bila matangazo wala maswali. Wazazi wenye mali, waliohofia binti zao kutoroshwa, walipata dawa katika sheria ya Lord Hardwicke ya mwaka 1753, iliyoanza kutumika tarehe 25 Machi 1754. Tangu hapo ndoa isiyotanguliwa na matangazo au leseni, na isiyofungwa kanisani, ilikuwa batili. Aliye chini ya miaka 21 hakuoa kwa leseni bila ridhaa ya mzazi. Na ni Wayahudi na Wakweka pekee walioachiwa taratibu zao. Kughushi maandishi ya daftari la ndoa kulifanywa kosa la kunyongwa. Uskoti haikuhusishwa, ndiyo maana kijiji cha Gretna Green, hatua chache ng'ambo ya mpaka, kilipata umaarufu wake.

Kwa mwanahistoria, zawadi kubwa ya sheria hiyo ni ukurasa wake. Badala ya mstari mmoja, parokia zilianza kutumia vitabu vya peke yake vya ndoa, ambavyo kwa kawaida vilikuwa vimepigwa chapa: namba ya ndoa, majina, parokia ya kila mmoja, kama ni kwa matangazo au kwa leseni, kisha sahihi ya kasisi, ya bwana harusi, ya bi harusi na ya mashahidi wawili. Asiyejua kuandika aliweka alama, mara nyingi msalaba mdogo, na kasisi akaandika kando yake kwamba hiyo ni alama ya fulani. Misalaba hiyo ndiyo kipimo bora kilichopo cha elimu ya watu wa kawaida wa karne ya 18. Roger Schofield, aliyezihesabu sahihi hizo katika parokia mbalimbali, aligundua kwamba katikati ya karne hiyo wanaume kama 60 kati ya 100 waliweza kuandika majina yao, na wanawake hawakufika 40. Wapo walioweza kusoma bila kuweza kuandika, kwa kuwa shule za vijijini zilifundisha kusoma kwanza na maskini wengi waliondoka kabla ya kushika kalamu. Kwa hiyo msalaba si uthibitisho wa ujinga.

Nyuma ya majina hayo ulikuwepo umaskini, ambao daftari halikuutaja. Kwa sheria ya mwaka 1662, kila mtu alikuwa na parokia moja yenye wajibu wa kumsaidia akianguka, na mwanamke akiolewa alihamia katika wajibu wa parokia ya mumewe. Ikiwa msichana maskini alipata mimba na kijana alikuwa wa parokia jirani, wasimamizi wa maskini, walioziona fedha za walipa kodi zikielekea kwa mtoto huyo kwa miaka mingi, walikuwa na kila sababu ya kuharakisha harusi, na madaftari yao ya hesabu yanaonyesha kwamba mara nyingine walilipia leseni, pete na hata chakula cha siku hiyo.

Colyton iliingia katika vitabu vya historia mwaka 1966, E. A. Wrigley wa Cambridge alipotumia mbinu iliyobuniwa na Mfaransa Louis Henry, ya kuziunganisha familia kwa kuchukua kila jina katika ndoa na kulitafuta nyuma kwenye ubatizo na mbele kwenye ubatizo wa watoto, hadi kwenye maziko. Ni kazi ya kuchosha inayofanywa kwa maelfu ya vipande vya karatasi, lakini inatoa kile ambacho hakuna kasisi aliyekiandika, yaani umri. Wasomaji waliozoea kumfikiria Juliet wa Shakespeare, ambaye hakuwa ametimiza miaka 14, walipata mshangao. Kati ya 1560 na 1646 mwanamke wa Colyton aliolewa mara ya kwanza akiwa na wastani wa miaka 27. Kati ya 1647 na 1719 wastani ulipanda hadi 29.6, na mwanamume akawa na 27.7, kwa hiyo kwa kawaida bi harusi alimzidi mumewe umri. Ni kuanzia 1770 ndipo wastani wa wanawake ulipofika 25.1.

Sababu ya kuchelewa ilikuwa desturi ya wawili kuanzisha nyumba yao wenyewe badala ya kukaa kwa wazazi, na nyumba ilihitaji akiba iliyopatikana kwa miaka kumi au zaidi ya utumishi katika mashamba ya wengine. Kwa nini Colyton ilizidi kuchelewa ni swali lenye majibu zaidi ya moja. Kati ya Novemba 1645 na Oktoba 1646 tauni ilijaza kurasa za maziko kwa majina 392, labda mtu mmoja kati ya kila watano, na Wrigley aliona mabadiliko yakianzia hapo. Pamela Sharpe, aliyeichunguza parokia hiyo upya, alielekeza macho kwenye ufumaji wa lesi, kazi iliyowapa wanawake kipato chao na iliyoendana na wingi wao kuliko wanaume. Hoja ya Sharpe ina nguvu zaidi, kwa kuwa tauni ilipita katika muda wa mwaka mmoja na lesi ilidumu vizazi kadhaa. Mwaka 1981, Wrigley na Schofield walipojumlisha takwimu za parokia 404, walionyesha kwamba ongezeko kubwa la watu wa Uingereza katika karne ya 18 lilitokana zaidi na watu kuoana mapema na kwa wingi kuliko na kupungua kwa vifo.

Mbinu hiyo inawaona vizuri waliokaa na inawapoteza waliohama, na inawapoteza wanawake kwa urahisi zaidi, kwa kuwa jina la ukoo la msichana linaishia kwenye mstari wa ndoa yake. Tarehe 1 Julai 1837 serikali ilipoanzisha usajili wake, fomu mpya ya ndoa iliongeza nafasi za umri, kazi, na jina na kazi ya baba wa kila upande. Nafasi ya mama haikuwekwa katika Uingereza na Wales hadi tarehe 4 Mei 2021. Anayemtafuta mama wa bi harusi wa Colyton wa karne ya 17 hana budi kurudi kwenye kurasa za ubatizo, na mara nyingi hata huko hamkuti, kwa kuwa makasisi wengi wa wakati huo, baada ya jina la mtoto, waliandika jina la baba yake na kuendelea na mstari unaofuata.