Malakiti ya Katanga: Jiwe la Kijani na Swali la Ugunduzi

Malakiti ni jiwe la mapambo la kijani, lenye michirizi ya duara na lisilopenyeza mwanga. Hapa Rubavu miamba yetu ni ya volkano, kwa hiyo hatulichimbi. Katika ukanda huu hupatikana kwa wingi Katanga, kusini mwa Kongo. Insha hii inadai kwamba jiwe hilo ni ushahidi wa kihistoria: shaba ya Katanga haikugunduliwa na Wazungu.

Tuanze na asili yake. Maji ya mvua yenye oksijeni na kabonidayoksaidi hupenya ardhini na kukutana na madini yenye shaba na salfa. Shaba huyeyuka katika maji hayo, kisha huganda kwenye nyufa, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana malakiti ina michirizi, tena hupatikana karibu na uso wa ardhi. Ugumu wake kwa kipimo cha Mohs ni 3.5 hadi 4 tu, hivyo huchongwa kwa urahisi kuwa shanga, visanduku na sanamu.

Lakini mafundi wa kale wa Katanga waliona zaidi ya urembo. Takriban asilimia 57 ya uzito wa malakiti ni shaba. Wakati wa kiangazi walichimba jiwe hilo, wakalichoma kwa makaa katika tanuri la udongo wa kichuguu, huku wakipuliza kwa mivukuto. Joto lilitoa maji na kabonidayoksaidi, makaa yakaondoa oksijeni, shaba ikabaki. Waliimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama fedha. Mingine imefukuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale. Katika karne ya 19, shaba ilikuwa mojawapo ya nguzo za utajiri wa Msiri, mtawala wa Bunkeya, aliyeuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II.

Mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji, Jules Cornet, aliichunguza Katanga. Alikuta mashimo ya wachimbaji wenyeji yakiwa tayari yanaonyesha shaba ilipo. Kampuni ya Union Minière iliundwa baadaye, mwaka 1906.

Huenda mtu akasema kwamba Cornet alifanya ugunduzi wa kisayansi. Ni kweli alipima na kuandika. Hata hivyo, kujua jiwe lipi lina shaba, na namna ya kuitoa, ni elimu pia. Tunapofundisha historia ya madini, tuseme Cornet “alirekodi”, tusiseme “aligundua”.