Maandalizi ya Shahada ya Uzamili kwa Wahitimu wa Ibaba
Mhitimu wa Kata ya Ibaba, wilayani Ileje, mkoani Songwe, anayekusudia kusoma Shahada ya Uzamili huwasilisha maombi chuoni moja kwa moja. Vyuo vilivyo karibu ni pamoja na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na Ndaki ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe.

Majina katika vyeti vyote sharti yafanane. Aliyesoma nje ya nchi, ikiwemo Malawi iliyo ng'ambo ya Mto Songwe, hana budi kupata kwanza utambuzi wa tuzo yake kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

Mtumishi wa umma huomba ruhusa ya mwajiri mapema. Kuondoka kituoni bila kibali ni utoro, kosa linaloweza kumfukuzisha kazi.