Je, Kujenga Upya Ni Faida?

Sisi watu wa Opala tunajua nguvu ya maji. Mto Lomami hupita kwetu, hushuka mpaka Isangi, na huko huingia katika mto Kongo. Mwisho wa mwaka 1961 mto Kongo ulijaa kupita kiasi: kule Kinshasa kipimo kilifika meta 6.26. Mwezi wa Januari 2024 maji yalikaribia alama ile tena, meta 6.20. Kila mara maji yakishuka, watu hukata miti na kusimamisha nyumba. Ndipo wengine husema: «Msiba umeleta kazi.» Je, neno hili ni kweli? Tulipime kwa habari ya Goma, mji uliojengwa upya mbele ya macho ya nchi nzima.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka. Mto wa moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu. Karibu sehemu 13 kwa mia za mji ziliharibika, Kanisa Kuu pia, na watu 120,000 hivi walikosa nyumba. Wengi waliokimbilia Gisenyi walirudi baada ya siku chache, wakajenga juu ya mawe yale meusi.

Kazi ilionekana kweli. Watu walivunja mawe kwa nyundo na kuuza kokoto. Wenye chukudu walibeba mbao. Mafundi waliitwa huku na huku, na wauzaji wa manjanja na misumari walipata wanunuzi.

Lakini fedha zile zilitoka wapi? Mwaka 1850 Mfaransa Frédéric Bastiat alieleza jambo hili kwa mfano wa kioo cha dirisha kilichovunjika. Fundi wa vioo hupata malipo, na kila mtu humwona. Lakini mwenye nyumba angenunua viatu kwa fedha zile zile. Sasa hanunui, na fundi wa viatu aliyekosa kazi haonekani. Ni vile vile kwa mchuuzi aliyenunua manjanja kwa fedha za biashara yake: paa analo, biashara hana. Misaada ya kigeni iliongeza mali, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa kuziba shimo. Na wanaohesabu mapato ya nchi huandika malipo ya fundi. Nyumba iliyoungua hawaitoi katika hesabu ile.

Kwetu Opala hasara hujificha zaidi. Miti, kamba na majani hutoka porini, jirani husaidia, na pengine hakuna fedha inayotolewa. Gharama yetu ni siku. Siku za kujenga zimetolewa kwa shamba la mihogo na la mpunga. Basi njaa huja nyuma, wakati wa kuvuna, wageni wenye misaada wakiisha kurudi kwao.

Faida ya kweli ni moja tu: kujenga vizuri kuliko zamani, au mahali pa salama zaidi. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka tena, na maelfu ya nyumba yaliteketea upande wa kaskazini ya Goma. Asiye na kiwanja pengine hujenga njiani mwa hatari.

Kwa hiyo, wandugu makatekista, mkiandika majina ya waliopotewa na nyumba, msihesabu nyumba tu. Ulizeni pia: nani hakupanda mwaka huu? Huyo anahitaji mbegu na mikono ya wenzake, sawa na vile anavyohitaji paa.