Karanga kwenye Lebo za Marekani

Kabla ya 2006, Mmarekani mwenye mzio wa karanga alisoma lebo kwa kubahatisha, kwani karanga ingeweza kujificha ndani ya maneno kama "ladha za asili". Sheria iliyopitishwa 2004 na kuanza kutumika 2006 ilivitaka viwanda kuvitaja waziwazi vyakula vinane vikuu vinavyoleta mzio, karanga ikiwemo. Ufuta uliongezwa 2023. Onyo la "huenda ina karanga", hata hivyo, liliachwa kuwa hiari ya kiwanda. Pengo hilo si dogo: pakiti isiyo na onyo huweza kuwa imepita kwenye mashine iliyosaga karanga. Ushauri wa madaktari nao uligeuka. Mwaka 2000 watoto walio hatarini walinyimwa karanga hadi miaka 3. Mwaka 2015 utafiti wa London ulionyesha kwamba kuwalisha mapema hupunguza sana mzio.